Likikanyagwa Mafuta Linazima

Ipagala, Dodoma
11 Januari 1993

Mjomba Silvano,

Shikamoo. Najua barua huanza kwa kujuliana hali, lakini nikianza na hali nitaishiwa ujasiri kabla sijafika. Kwa hiyo naanza na jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata padri.

Jana Jumapili, saa tisa alasiri, baba alikuwa anampiga mama chumbani kwao na mimi sikwenda kumsaidia. Nilitoka uani, nikachukua ufunguo msumarini, nikaingia kwenye pikapu na kuliwasha. Nililiwasha ili nisisikie. Likanguruma vizuri tu, ila sauti ya mama ilikuwa bado inapenya, basi nikakanyaga mafuta ili mngurumo uwe mkubwa zaidi. Likazima. Mjomba, pakawa kimya, na katika kimya hicho nikasikia kila kitu: mkanda, na mama akisema, "Baba Generosa, jicho, jicho." Nikawasha tena. Nikakanyaga. Likazima tena. Nilifanya hivyo mara nne au tano. Mama alitoka ameziba jicho kwa kanga akanikuta nimeshika usukani. Alisema tu, "Utamaliza betri ya watu."

Sasa nakusalimu. Mimi ni mzima. Mtihani wa kidato cha nne tulimaliza Novemba na matokeo bado. Mvua zimechelewa, wenye mashamba wanatazama juu tu. Msalimie mkaza mjomba Joha, mwambie ile kanga aliyonipa bado naivaa Jumapili tu.

Huenda hujapata habari kwamba baba amepunguzwa kazini. Waliitwa wengi siku moja, wakapewa barua. Kwa kiinua mgongo chake alinunua mnadani pikapu la bluu la lile shirika ulilokuwa fundi wake, lile ambalo nilikuwa nakaa kwenye tairi lake nikikupa spana. Anabeba karanga na zabibu kutoka Chamwino. Siku likifika salama anakula na kulala. Siku likizima njiani watu wakamsukuma, anarudi na uso ambao mama anaujua kabla hajashuka.

Ndiyo maana nakuandikia. Nataka kulitengeneza bila yeye kujua. Likiwa limesimama linanguruma bila tatizo, hata saa nzima. Ukikanyaga mafuta tu, linashtuka na kuzima papo hapo. Ukiacha kidogo, linawaka tena. Ni ugonjwa gani?

Jibu kwa sanduku la Mwalimu Evelina, namba nimeiandika nyuma ya bahasha. Baba hufungua barua.

Mpwa wako,
Generosa


Tunduma
4 Februari 1993

Mpwa wangu Generosa,

Marahaba. Barua yako imenikuta mzima, tope tu ndilo linatuua. Huku mvua hazijui kuchelewa. Tangu waseme biashara ruksa, malori yamejipanga mpakani kama siafu, na kila moja linakohoa kivyake. Tajiri wangu anafungua gereji alfajiri na kuifunga akikumbuka. Mkaza mjomba wako hayupo, amekwenda kwao Kondoa kusalimia. Akirudi nitampa salamu zako.

Umenichekesha kwa ile habari ya kukaa kwenye tairi. Ulikuwa mtoto pekee aliyejua tofauti ya spana kumi na tatu na kumi na nne kwa kuishika tu.

Ugonjwa uliouandika unaitwa njaa. Gari likiwa limesimama, injini inaramba petroli kidogo, inatosheka. Ukikanyaga unaiambia ikimbie, nayo inataka kula zaidi. Ikikosa, inafa. Kwa hiyo fuata njia ya chakula. Anzia kwenye tangi. Baba yako anamimina petroli kwa kuchuja na nini? Halafu chujio dogo la kioo karibu na pampu, lifungue ulioshe. Halafu kabureta. Ondoa kifuniko cha hewa, chungulia kinywani mwake injini ikiwa imezimwa, na umwombe mtu akanyage mafuta. Utaona petroli inaruka kama mkojo wa mtoto mchanga. Ikiruka, pampu ya ndani ni nzima. Isiporuka, ngozi yake imekauka. Mwisho fungua zile skrubu za shaba zenye tundu jembamba, zipulize kwa mdomo. Usizichokonoe kwa waya! Tundu likipanuka, hutalirudisha.

Na usifanye kazi hiyo baba yako akiwa na sigara karibu. Petroli haina undugu.

Msalimie dada Miriam. Mwambie nipo.

Mjomba wako,
Silvano


Ipagala, Dodoma
28 Februari 1993

Mjomba,

Shikamoo. Sisi tunaendelea. Mvua imenyesha mara mbili, mtama umeota, na ndege tayari wameusikia. Mkaza mjomba akiwa amerudi, mpe pole ya safari.

Nilifuata njia ya chakula kama ulivyosema. Baba huchuja petroli kwa kipande cha kanga kuukuu ya mama, na kwenye chujio la kioo nilikuta nyuzi zimejisokota kama sufi. Nilifurahi nikadhani nimemaliza. Nikaosha. Mama alikanyaga, mimi nikachungulia kinywani mwa kabureta, na petroli ikaruka vilevile ulivyosema mpaka mama akacheka. Nikafungua zile skrubu, nikapuliza mpaka kichwa kikazunguka. Mjomba, bado linazima.

Sikuwahi kujaribu kitu kingine, maana baba alichoka kusubiri akamleta fundi Matonya wa Miyuji, yule kijana mwembamba anayefanyia kazi chini ya miarobaini. Matonya alifungua kabureta siku tatu mfululizo. Siku ya tatu alilizunguka gari, akasema, "Mzee Batholomeo, gari hili haliumwi, lina kiburi. Kama bosi aliyestaafu." Baba hakucheka.

Walikwenda kulijaribu, nami nikapanda nyuma nirudi na unga kutoka mashineni. Palepale Miyuji, mbele ya kilabu cha pombe, likazima. Watu walikuwa wamekaa nje na vikombe vyao. Mmoja akapiga kelele, "Bwana mkubwa, shuka usukume! Wizarani ulikuwa unasukumiwa!" Wote wakacheka, na Matonya naye akacheka kidogo, ameinamisha kichwa.

Baba alishuka taratibu. Alichukua spana ya magurudumu chini ya kiti akampiga nayo Matonya mdomoni. Nilisikia meno. Matonya akaanguka akatambaa chini ya gari, baba akamvuta kwa miguu akamtoa, akampiga mbavuni, akampiga mkono uliokuwa unajikinga. Aliniona namtazama lakini ni kama aliona gunia. Wanywaji walipomshika, Matonya alikuwa anatafuta meno yake vumbini kwa vidole, kama mtu aliyedondosha shilingi. Alikuwa analia akisema, "Sikuiba kitu, mzee. Sikuiba spea yoyote."

Gari tulilisukuma mpaka nyumbani. Mama alikuwa barazani anamenya karanga. Hakuwahi hata kusimama. Baba alimpiga kwa spana ileile, begani. Mkono wa kulia hauinuki mpaka leo, na kuni natema mimi.

Mjomba, uliniandikia kurasa mbili za kabureta. Kuhusu mama hukuandika hata mstari. Nilipindua karatasi nikatazama nyuma.

Generosa


Tunduma
22 Machi 1993

Mpwa wangu,

Marahaba. Nimechelewa kujibu, kazi zimeniandama. Huku kuna kipindupindu upande wa pili wa mpaka, tunachemsha maji. Joha bado yuko kwao, mama yake anaumwa.

Kama petroli inaruka na kabureta ni safi, basi nilikosea. Si njaa. Matonya naye alikosea vilevile, na mafundi wengi wangekosea, maana gari likizima ukikanyaga mafuta kila mtu anakimbilia mafuta. Sasa tazama upande wa moto.

Tafuta distribyuta. Ni kile kikombe chenye waya nene tano zinazokwenda kwenye plagi na koili. Ubavuni mwake kuna kisosi cha bati, mfano wa kisahani cha chai, na kwenye kisosi umechomekwa mpira mwembamba unaotoka kwenye kabureta. Ukikanyaga mafuta, mpira ule unavuta hewa, na kisosi kinazungusha sahani iliyo ndani ya kikombe, kiasi cha unene wa ukucha tu. Kuna waya mmoja mfupi unaopanda juu ya sahani hiyo. Kama waya umekatika ndani ya ngozi yake, sahani ikitulia ncha zinagusana na moto unapita. Sahani ikizunguka, ncha zinaachana. Gari linazima.

Lijaribu hivi: chomoa ule mpira kwenye kisosi, ziba ncha yake kwa kijiti, washa, kanyaga. Likinguruma bila kuzima, usiguse tena kabureta. Fungua kikombe, utazame waya.

Kuhusu lile jingine. Mimi ni mdogo wa mama yako, alinibeba mgongoni, kwa hiyo usidhani sioni. Lakini ndoa ya watu ina mambo yake. Baba yako alikuwa na meza, na watu wakisimama akiingia. Leo anasukumwa mbele ya walevi. Mtu akivuliwa namna hiyo anakuwa si yeye. Gari likipona naye atapoa. Shikilia hapo, na mwambie dada avumilie kidogo.

Silvano


Ipagala, Dodoma
12 Aprili 1993, Jumatatu ya Pasaka

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo sana! Heri ya Pasaka. Matokeo yametoka na sikuchaguliwa kuendelea. Nililia siku moja, basi. Nina habari kubwa kuliko hiyo.

Ijumaa Kuu baba na mama walikwenda Njia ya Msalaba, mimi nikasema kichwa kinaniuma. Mungu anisamehe. Walipopinda kona tu nikafungua boneti. Nilichomoa ule mpira, nikauziba kwa kijiti cha mwarobaini, nikawasha. Nikakanyaga kidogo. Halafu zaidi. Halafu mpaka chini. Mjomba, lilinguruma mpaka kuku wakaruka ukuta! Halikuzima! Nilipiga kelele peke yangu kama mwehu.

Nikafungua kikombe. Waya upo, mfupi, mwekundu, mgumu. Si wa gari. Ni ule wa taa ya nyumbani, wenye uzi mmoja mnene wa shaba ndani. Katikati umefungwa plasta ya hospitali ambayo imekuwa nyeusi kwa mafuta. Nilipoukunja kwa kidole ulilegea kama kidole kilichovunjika. Ngozi nzima, shaba imekatika. Aliyeuweka hakufikiri kwamba sahani inazunguka na waya mgumu utachoka.

Kwenye pasi yetu ya umeme iliyokufa kuna waya laini wa nyuzi nyingi. Nilikata kipande, nikakifunga kwa skrubu zilezile, nikarudisha mpira na kila kitu. Waliporudi nilikuwa nimelala na kitambaa kichwani, mikono nimeiosha kwa majivu.

Jumamosi baba alikwenda Chamwino akarudi na gunia sita bila kusimama mahali. Alishuka akapiga boneti kwa kiganja, akasema, "Unaona Mama Generosa? Gari linataka mwanamume anayelielewa." Mama akaniangalia, mimi nikaangalia kuku. Jana tulikula nyama. Alimmenyea mama yai kwa mkono wake, kwa sababu mama bado hawezi. Usiku sikulala kwa furaha, nilikuwa nasikiliza tu, hakuna kitu cha kusikia.

Ulisema kweli. Gari limepona, naye amepoa. Asante, mjomba. Sijui nikupe nini.

Generosa


Tunduma
3 Mei 1993

Generosa,

Soma barua hii peke yako, na usimsomee dada mpaka ukae nayo kwanza.

Sina salamu. Nimeisoma barua yako ya Pasaka mara nyingi nikashindwa kula.

Ule waya ni wangu. Mwaka themanini na nne gari lile lilikuwa la shirika na mimi ndiye fundi wake. Spea hazikuwepo nchi nzima. Leo waya wa namna hiyo unaning'inia kila duka, wakati ule ungekwenda hata Dar es Salaam ukarudi mikono mitupu. Nilikata kipande kwenye taa ya stoo, nikaomba plasta zahanati kwa kuwa hata tepu hakuna, nikasema kitakaa wiki moja mpaka spea ije. Haikuja. Ikawa kawaida, nikasahau. Kila fundi wa miaka ile ana waya wake mahali fulani. Wangu umemtoa Matonya meno.

Hilo ni dogo. La pili ni hili.

Joha hakwenda kusalimia. Mwaka jana mwezi wa sita nilivunja bolti ndani ya injini ya mteja, tajiri akanitukana mbele ya madereva wa Zambia. Nikarudi nyumbani. Joha akaniuliza kama nimekula. Hilo tu, "Umekula?" Nilikuwa bado na spana mfukoni. Nilimvunja mkono wa kushoto mahali pawili. Wakati wa kumpiga nilikuwa namwita kwa jina la tajiri wangu. Majirani walivunja mlango. Kaka yake alikuja akamchukua, akanitazama tu kama unavyotazama kitu kilichogongwa barabarani. Yuko kwao Kondoa, nyumba ya mama yake nyuma ya soko, anauza vitumbua. Wameniandikia kwamba mkono haukunyooka.

Sasa unajua kwa nini nilikuandikia kurasa mbili za kabureta. Ningemkemea shemeji kwa mdomo upi?

Lile nililokuandikia Machi, kwamba atapoa, nilikuwa najiandikia mimi. Ni uongo. Mwaka mzima huu injini zote nilizoshika zinakwenda. Mimi naamka usiku bado nimekunja ngumi. Na baada ya kumpiga Joha mara ya kwanza, miaka iliyopita, nilipoa wiki sita. Nilimpikia uji. Nilimmenyea mayai, Generosa. Ndiyo maana mayai yako yamenishinda kula.

Usilale ukisikiliza kimya ukadhani ni amani. Mtoe mama yako humo wakati gari linakwenda.

Silvano


Tunduma
7 Juni 1993

Generosa,

Naandika kwa haraka, lori la Dodoma linaondoka.

Nimepata barua kutoka kwa baba yako. Nakunakilia: "Shemeji, tarehe 22 Mei mchana majambazi watatu wenye mapanga walinivamia nyumbani kwangu, wakanivunja goti na kuiba gari. Nimewaripoti kwa balozi wa nyumba kumi na polisi. Nimelazwa, nimefungwa plasta mguu mzima. Mama Generosa na binti waliingiwa na hofu wakakimbia, sijui walikokimbilia. Kama wako kwako waambie hatari imekwisha, warudi wanihudumie."

Majambazi gani wanaingia Ipagala mchana kwa ajili ya pikapu kuukuu? Na mbona hamkukimbilia kwa jirani?

Sikumjibu. Niandikie neno moja tu. Andika "wazima". Nitaelewa.

Silvano


27 Juni 1993

Mjomba,

Shikamoo. Wazima.

Utaona sikuandika mahali. Barua hii anaitupia posta Dodoma mtu ninayemwamini. Mama anaendelea vizuri, ila sikio la kushoto halisikii tena, ukimwambia kitu inabidi ukae kulia kwake. Yeye mwenyewe anasema ni nafuu, sasa upande mmoja wa dunia umenyamaza.

Barua yako ya Mei niliipata tarehe ishirini. Nilikaa nayo siku mbili kama ulivyosema. Nilikuwa natafuta namna ya kumwambia mama, na sikuipata, na siku ya pili ikawa ndiyo yenyewe.

Mjomba, siku hiyo gari halikuzima. Nataka ulijue hilo kwanza. Baba alikwenda Chamwino akarudi saa sita mchana, mzigo wote umeuzwa, injini haijachemka. Mama alikuwa anaongea na jirani juu ya ukuta, wakacheka kitu, sijui hata kitu gani. Baba akasema, "Mnanicheka nini?" Mama akasema, "Hatukucheki, Baba Generosa, karibu chakula." Akasema tena, "Nimeuliza mnanicheka nini?" Alichukua mkanda wa feni wa zamani nyuma ya kiti cha gari, ule mweusi wenye meno ndani. Alimpiga nao usoni, shingoni, sikioni. Mama alipoanguka alimshika nywele akakigonga kichwa chake ukutani, mara moja, akatulia kama anayesikiliza, akakigonga tena. Damu ilitoka sikioni. Yeye hakuwa na hasira usoni. Alikuwa kama anafanya kazi.

Safari hii sikuingia kwenye gari kuwasha. Nilichukua hendeli ya kuwashia, ile ya chuma iliyopinda, nikampiga gotini kutoka ubavuni kwa nguvu zangu zote. Lilitoa mlio wa kuni kavu. Akaanguka akanitazama, na nadhani ndiyo mara ya kwanza tangu nizaliwe tumetazamana machoni. Nikampiga tena mahali palepale. Mara ya kwanza ilikuwa ya lazima. Ya pili haikuwa ya lazima, mjomba, alikuwa ameshaanguka. Niliipiga kwa ajili yangu. Naiandika hapa kwa sababu wewe unaijua ile ngumi uliyosema unaamka nayo. Na mimi ninayo, na ninaiogopa.

Unajua mama alifanya nini? Aliinama kumshika. "Pole, Baba Generosa, pole, usikanyage." Baba akamshika koo. Hata akiwa chini, mguu umepinda, alimshika koo kwa mikono miwili. Ikabidi nimkanyage mkono ndipo akaachia. Hapo mama akasimama, akachukua kanga yake kwenye kamba, akaenda kukaa ndani ya pikapu upande wa abiria. Hakuniambia twende. Alikaa tu.

Sikuwa nimewahi kuendesha zaidi ya kulisogeza mbele na nyuma uani. Nikawasha. Baba alitambaa akashika mlango wangu. Nikaachia klachi haraka mno, gari likatetemeka likataka kufa, na yeye akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Litazima hilo. Mtakwenda wapi?" Nikakanyaga mafuta mpaka chini. Halikuzima. Lilimburuta hadi nje ya geti ndipo akaachia. Nilimwona kwenye kioo amelala kifudifudi mchangani, na watoto wa jirani wamesimama wakitazama.

Tukapita Mayamaya. Nilikuwa kwenye gia ya pili tu, sikujua kuingiza ya tatu. Halafu mama akauliza, "Hivi leseni unayo?" Nikasema sina. Akasema, "Basi usimgonge mtu." Tukaanza kucheka wote wawili, na kila akicheka damu inamtoka sikioni, na hatukuweza kuacha.

Aliyetupokea umeshamjua. Alifungua mlango akaliangalia sikio la mama, akaniuliza, "Nani kawatuma? Silvano?" Nikasema, "Hapana, tumejituma. Yeye alisema tu mahali ulipo." Mkono wake mmoja ulikuwa umeshika mlango. Halafu akasogea tukapita. Alimwosha mama kwa mkono huo mmoja, kwa maji ya chumvi. Alilala mlangoni siku tatu na panga. Sasa namkandia unga wa vitumbua, na mchana natengeneza mashine ya kusaga ya kaka yake, ambayo nayo ilikuwa na ugonjwa wake. Wananiita fundi bila kunicheka.

Ananiona nikiandika. Ameniambia, "Mwambie nipo hai. Usimwongezee neno." Kwa hiyo siongezi.

Waya wako haukumpiga mama, mjomba. Nilidhani hivyo kama wewe, nikauwinda miezi mitatu. Ulikuwa waya tu.

Majambazi hawapo. Aliwatunga mwenyewe, maana hawezi kumwambia balozi kwamba aliyemvunja goti ni binti aliyekuwa akimwamkia akiwa ametazama chini. Watoto wa jirani waliona, lakini mama yao amewafundisha kusema waliona watu watatu. Nimeuliza kwa Mwalimu Evelina: hakuna aliyekamatwa. Siku mtu asiye na hatia atakaposhikwa kwa kosa hilo nitakwenda polisi mwenyewe na hendeli mkononi, nimemwahidi Mungu hivyo. Lakini mpaka siku hiyo, nakuomba, waache majambazi wabaki majambazi. Usimwambie tajiri wako, usimwambie padri, usimwambie mtu utakayekunywa naye. Baba akikuandikia tena, mpe pole ya mguu. Akija hapo kwako na fimbo yake akakaa kitini akakutazama, mpe maji ya kunywa, na usiangalie pembeni anapokuuliza. Barua hii ichome ukishaisoma, na bahasha pia, kwa sababu ina mwandiko wangu. Mjomba, hujui tulipo. Hujui kitu.

Generosa